Tuwafunze Watoto Kuyathamini na Kuyalinda Maji ya Umma



Karagwe na Kyerwa ni nchi ya milima na mabonde. Nyumba nyingi, pamoja na migomba na mibuni inayozizunguka, ziko juu. Chemchemi na vijito viko chini. Ndiyo maana kutafuta maji katika wilaya hizi kumekuwa ni kushuka mikono mitupu na kupanda na mzigo, na mara nyingi anayepanda na mzigo huo ni mtoto. Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20. Mtoto wa darasa la tatu akilibeba, hubeba karibu uzito wake mwenyewe.

Bomba linapofika kijijini, mtoto ndiye wa kwanza kupumzika. Bomba hilo likiharibika, yeye ndiye wa kwanza kurudishwa bondeni. Kwa hiyo hakuna mtu katika jamii mwenye sababu kubwa kuliko mtoto ya kutaka mradi wa maji udumu. Hata hivyo ni mara chache tunaketi naye na kumweleza mradi huo ni nini, unaendeshwaje, unakufaje, na yeye anaweza kufanya nini ili usife. Somo hili limeandaliwa kwa wazazi, walezi na walimu ili walifanye jambo hilo nyumbani na shuleni. Halihitaji vifaa vya gharama. Linahitaji kikombe, dumu, chumvi kidogo, na muda wa kuzungumza.

1. Mtoto ajue maji yanatoka wapi

Mtoto aliyezaliwa baada ya bomba kufika hudhani kwamba maji yanatoka kwenye koki, kama vile mtoto wa mjini anavyodhani kwamba ndizi zinatoka sokoni. Kazi ya kwanza ya mzazi ni kumtoa kwenye koki na kumrudisha kwenye chanzo.

Panga siku moja mwende pamoja. Anzeni kwenye kituo cha kuchotea maji, mfuate njia ya bomba hadi kwenye tenki, kisha hadi kwenye chemchemi, kisima au mtego wa maji. Mwonyeshe mahali maji yanapotoka ardhini. Mweleze kwamba mvua iliyonyesha juu ya kilima ndiyo iliyozama polepole na sasa inatokea hapa. Kwa hiyo kilima kikiachwa uchi, mvua huteremka juu juu na udongo, na chemchemi hukonda wakati wa kiangazi.

Hapo hapo mfundishe kupima kwa macho yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, zile zinazoweza kuharibu mazingira ya maeneo hayo. Hatua ndefu 60 za mtu mzima zinakaribia umbali huo. Hesabuni hatua pamoja kutoka ukingoni, kisha mwulize mtoto: tumeona nini ndani ya hatua hizi? Je, kuna shamba lililolimwa hadi majini? Kuna mikaratusi, ambayo inajulikana kwa kunywa maji mengi? Kuna mtu anayeosha bomba la kupulizia dawa ya mibuni au ya nyanya? Kuna ng'ombe wanaoingia ndani ya maji badala ya kunyweshwa kwenye birika lililojengwa pembeni? Kwa wale wanaokaa karibu na machimbo ya bati ya Kyerwa, je, tope la kuoshea mchanga wa madini linaelekea wapi?

Usimjibie. Mwache aone, na mwache akuulize ni nani aliyeruhusu.

Mtoto anayeishi Murongo au kando ya Mto Kagera anaweza kufundishwa jambo jingine kubwa. Maji anayoyaona yakipita mpakani kati yetu na Rwanda na Uganda huingia Ziwa Victoria, na kutoka ziwa hilo huanza safari ya Nile hadi Misri. Taka anayoitupa mtoni ina jirani anayeipokea, na jirani huyo ana jirani mwingine. Mtoto wa Kayanga na Omurushaka naye alijue Ziwa Rwakajunju, lililomo wilayani mwake, kwa jina na kwa mahali lilipo. Ni vigumu mtu kulinda kitu asichokijua.

2. Maji ni ya Mungu, bomba ni letu

Katika mikutano ya vijiji, swali linaloulizwa mara nyingi kuliko mengine ni hili: «Maji ni zawadi ya Mungu, kwa nini tuyalipie?» Ni swali la haki, na watoto hulisikia nyumbani kabla ya kusikia jibu lake. Tusilipuuze.

Wazee wengi wanakumbuka enzi ambazo maji ya vijijini yalitolewa bila malipo. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wote wa vijijini maji karibu na makazi yao ifikapo mwaka 1991. Pampu nyingi zilifungwa na mabomba mengi yalilazwa nchini kote. Lakini pampu inahitaji mafuta au umeme, na bomba linahitaji fundi. Pale ambapo hapakuwa na fedha za matengenezo, miradi ilisimama mmoja baada ya mwingine, na akina mama wakarudi mabondeni. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilizingatia somo hilo: serikali na wadau hujenga, na jamii inachangia gharama za kuendesha na kutengeneza.

Kwa mtoto, jibu linaweza kuwa fupi. Maji yaliyo chini ya kilima ni ya Mungu, na kila mtu ana haki nayo. Kilichoyapandisha juu ya kilima ni pampu, mafuta, bomba, dawa ya kutibu maji na mshahara wa fundi. Hivyo havikushuka na mvua. Fedha tunayolipa kwa kila dumu ni nauli ya maji kutoka bondeni hadi mlangoni.

Mtoto akishalielewa hilo, mpe kazi ya kulipa. Mtume kituoni na fedha kamili, arudi na maji, na kama kuna stakabadhi arudi nayo. Nyumba yenye dira ya maji, mwonyeshe namba zake mwanzoni na mwishoni mwa mwezi, kisha mlinganishe na ankara. Kwa njia hiyo anajifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba maji yana gharama, na kwamba mlipaji ana haki ya kujua anacholipia.

3. Maji maangavu si lazima yawe salama

Hili ni jaribio la dakika tano. Jaza maji safi ya kunywa katika glasi mbili. Katika moja, korogea chumvi kidogo hadi iyeyuke kabisa. Ziweke mezani na umwambie mtoto achague kwa macho glasi yenye chumvi. Hataweza. Kisha mwache aonje.

Mwambie: chumvi umeitambua kwa ulimi, lakini vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara havina ladha, havina rangi na havina harufu. Maji ya kijito yanaweza kung'aa asubuhi na yakawa yamebeba kinyesi kilichosombwa na mvua ya usiku. Kwa sababu hiyo vyoo vinajengwa mbali na chanzo, angalau mita 30, na upande wa chini ya mteremko. Na kwa sababu hiyo maji yasiyotibiwa yanachemshwa hadi yatokote kwa angalau dakika moja kabla ya kunywewa.

Pale ambapo kuni ni adimu, kuna njia ya jua. Maji yasiyo na tope huwekwa katika chupa maangavu ya plastiki, isiyozidi lita 2, iliyooshwa vizuri, na kulazwa juu ya bati kwenye jua kali kwa saa 6. Siku zikiwa na mawingu mengi, chupa ilale kwa siku 2 mfululizo. Mtoto anaweza kukabidhiwa kazi hii yote akaisimamia mwenyewe.

Lakini hatari haiko kwenye chanzo peke yake. Maji yaliyotoka bombani yakiwa salama huweza kuchafuka kati ya kituo na kikombe. Dumu lisilosuguliwa ndani huota utelezi wa kijani. Mdomo wa dumu uliozibwa kwa jani lililookotwa njiani, au kwa kipande cha ndizi kilichoshikwa na mikono michafu, huingiza uchafu ambao mradi mzima ulijengwa kuuzuia. Mfundishe mtoto kuosha dumu kwa sabuni, kutia changarawe safi na maji kidogo na kulitikisa ili kusugua ndani, kulifunika kwa kifuniko chake, na kutochovya kikombe cha kunywea ndani ya ndoo ya akiba. Kata moja yenye mpini mrefu, inayoning'inizwa ukutani, ni kinga kubwa kuliko bei yake.

4. Hesabu ya tone

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikusudia kila mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, na kila kituo kihudumie watu wasiozidi 250. Mfundishe mtoto namba hizi tatu, kwa maana ni haki yake. Kisha mzitumie.

Familia ya watu sita inahitaji lita 150 kwa siku, yaani madumu saba na nusu. Mtoto ahesabu: nani katika nyumba yetu anayabeba, na kwa safari ngapi?

Sasa mwende kwenye koki inayovuja. Weka chini yake kikombe cha nusu lita na mtazame saa. Tuseme kikombe kimejaa baada ya dakika 30. Basi koki hiyo inamwaga lita 1 kwa saa, lita 24 kwa siku. Hicho ni karibu kipimo chote cha mtu mmoja. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 720, sawa na madumu 36. Mwambie mtoto ajiwazie madumu 36 yakiwa yamepangwa uani, kisha mtu apite akiyamwaga moja baada ya jingine. Hakuna atakayekubali kukaa kimya. Koki inayovuja hufanya jambo hilo hilo, ila polepole, na sisi tunaipita tukisalimiana.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipande cha mpira ndani ya koki ni cha bei ndogo. Kikiachwa hadi koki yote ilegee, au bomba lipasuke na tope liingie, jamii nzima hulipa.

5. Paa la shule ni chanzo cha maji

Wilaya hizi hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eneo la mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Kwa hesabu hiyo, paa linalofunika darasa la mita 8 kwa 7 lina mita za mraba 56. Mvua ya milimita 10 huliletea lita 560. Tukitoa sehemu ya tano kwa ajili ya maji yanayopotea, zinabaki karibu lita 450. Kwa wanafunzi 45 ni lita 10 kwa kila mmoja, kutokana na mvua moja na paa moja.

Walimu wanaweza kulifanya hili kuwa somo la hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa wakati mmoja. Wanafunzi wapime paa, watazame mifereji, wakague tenki. Wajifunze kwamba maji ya kwanza ya mvua huachwa yapite kwa sababu yanasafisha vumbi na kinyesi cha ndege. Kwamba tenki lazima lifunikwe na liwe na wavu ili mbu wasizaliane. Na kwamba maji hayo hutibiwa kabla ya kunywewa. Jambo la msingi ni kwamba wanafunzi wenyewe wawe na zamu ya kulitunza. Tenki lisilo na mwenyewe hupasuka likitazamwa na shule nzima.

6. Kila umri na kazi yake

Samaki mkunje angali mbichi. Hata hivyo samaki hukunjwa kwa kiasi chake.

*Miaka 4 hadi 6:* afunge koki baada ya kuitumia. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Asichezee wala kujisaidia karibu na maji. Ajue kwamba kituo cha maji si mahali pa kupandia wala kubembea.

*Miaka 7 hadi 10:* aoshe na kufunika dumu lake, kwa chombo kinacholingana na mwili wake. Asimame kwenye foleni na kumpisha mzee, mjamzito na mwenye ulemavu. Atoe taarifa akiona bomba linavuja. Ajue jina la mhudumu wa kituo.

*Miaka 11 hadi 14:* apime uvujaji na kuuandika. Asome dira na ankara. Ashiriki kupanda miti rafiki wa maji kuzunguka chanzo. Awaeleze wadogo zake. Ajue pia kwamba kuharibu au kuiba miundombinu ya maji ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, na kwamba anayenunua vyuma vya bomba lililong'olewa hushiriki katika uharibifu huo.

Mtoto akikosea, kwa mfano akivunja koki kwa mchezo, adhabu iwe ya kumfundisha. Afuatane na mzazi hadi kwa kamati, aseme alichofanya, kisha asaidie siku nzima pale fundi anapotengeneza. Atakayeshuhudia jinsi kifaa kidogo kinavyowatesa watu mia moja kwa siku moja hatakisahau. Atakayechapwa tu atajifunza kukimbia.

7. Wajibu wa watu wazima

Tungekuwa hatusemi kweli kama tungemwachia mtoto kazi hii peke yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, naye hulelewa zaidi na anachokiona. Baba anayejiunganishia maji usiku, mama anayeruka foleni, mwalimu anayepita koki ya shule ikivuja, kiongozi asiyesoma mapato na matumizi ya mradi mbele ya mkutano: kila mmoja wao anafundisha, na somo lake hueleweka upesi.

Pia tusimtwike mtoto mzigo kwa jina la kumfunza kazi. Asiamshwe usiku kwenda peke yake njia ya bondeni. Asitumwe kuchota katika Mto Kagera, wenye mamba na viboko, bila mtu mzima. Asikose vipindi vya asubuhi kwa sababu ya dumu. Wavulana na wasichana wachote sawasawa. Si haki kaka akae na daftari na dada akae na kata.

Na mtoto asifundishwe wajibu bila haki. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji salama na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Mlipaji wa huduma ana haki ya kupata maji salama, kupewa taarifa maji yanapokatwa, kupimiwa kwa usahihi, na kusikilizwa anapolalamika. Mbele ya mtoto, fuata utaratibu huu:

1. Andika tatizo, mahali na tarehe.
2. Mweleze mhudumu wa kituo, kisha uongozi wa chombo cha watumia maji cha eneo lenu.
3. Usiporidhika, fika ofisi ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) ya wilaya. Kwa wakazi wa mjini, fika ofisi ya mamlaka ya maji inayokuhudumia; jibu lisipotolewa, lalamiko hupelekwa EWURA.
4. Tunza nakala ya kila barua na jina la aliyeipokea.

Mtoto atakayemwona mzazi wake akidai haki kwa maandishi na kwa adabu atajifunza uraia kuliko katika vitabu vingi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Jioni, chakula kikiwa jikoni, mwulize mtoto:

- Maji tuliyopikia leo yametoka chanzo gani? Yamepita wapi?
- Nyumba yetu imetumia madumu mangapi? Ni yapi tungeweza kuyatumia mara ya pili, kwa mfano kumwagilia mboga?
- Kama bomba likikauka kesho, nani atakwenda bondeni, na ataacha kufanya nini?
- Ni jambo gani moja tutakalofanya juma hili kulinda chanzo chetu?

Kila mwaka, kuanzia tarehe 16 hadi 22 Machi, taifa letu huadhimisha Wiki ya Maji. Ni vyema shule na vijiji vikaitumia wiki hiyo kuwapa watoto nafasi ya kusema walichopima na walichoona, mbele ya wazazi na viongozi wao. Wakituonyesha kikombe chao cha nusu lita na kutuambia ni madumu mangapi tumeyaacha yapotee tangu Machi iliyopita, tusicheke. Tuwaite mafundi.